Chale za Ubavu wa Kushoto

Choo chetu cha Ihumwa ni cha shimo, na choo cha shimo hakikupi habari. Unachuchumaa gizani, unamaliza, unatoka. Ndiyo maana Oktoba 2021 nilitokwa na damu tumboni siku tatu nzima, na nyumba nzima hakuna aliyejua, mimi mwenyewe nikiwemo.

Nilichojua ni kwamba tuta la reli limekuwa refu. Mimi ni mtu wa genge. Tangu 1993 kazi yangu ni mataruma na kokoto za reli ya kati, kwanza Gulwe, baadaye Msagali, mwisho Ihumwa. Tuta nalipanda kama wengine wanavyopanda ngazi ya kwao. Siku ya kwanza nilifika katikati nikasimama, nikajifanya nafunga kamba za buti. Siku ya pili vijana wakaanza utani: "Mzee, leo umekula nini?" Siku ya tatu nilikaa juu ya reli, masikio yanavuma, nikashuka kabla zamu haijaisha.

Usiku ule tulikula ugali wa uwele na mlenda. Ilipofika kama saa nne nikamwambia Mama Kulwa aniletee beseni, huu mlenda naona haujakaa vizuri. Haukuwa mlenda. Kwanza kilitoka kitu cheusi kama machicha ya kahawa chini ya birika, halafu ikaja nyekundu yenyewe, ya moto, na mabonge yanayotetemeka kama ini la kuku. Beseni lilikuwa la bluu, la kufulia. Mama Kulwa si mtu wa kutupa kitu. Siku hizi linanyweshea kuku, na mimi nikipita pale naangalia pembeni.

Sikuwa na maumivu. Watu huniuliza, "Ulikuwa unaumwa wapi?" Hapana popote. Mshipa wa damu kwenye njia ya chakula ukipasuka hauumi. Unasikia tumbo limejaa, kichefuchefu, kisha mwili unakuwa mwepesi na baridi. Mke wangu alipiga kelele kwa Kigogo, sikuzielewa zote japokuwa nimeishi nao karibu miaka thelathini, shemeji akatoka nyumba ya pili na bajaji yake, wakanilaza nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa Mama Kulwa. Njiani nilitapika mara ya pili, juu ya kitenge chake.

Kabla sijaendelea, niseme jambo linaloniudhi mpaka leo. Mwaka 2017 nilikuwa na kiungulia na uzito upande wa kushoto. Nikaenda kwenye kliniki moja, nikaulizwa maswali mawili, nikaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Hakuna aliyeniambia lala nikubonyeze tumbo. Nikameza, nikapata nafuu, ikirudi nameza tena. Na kwa kuwa kazi yetu inamaliza mgongo, kila mwisho wa wiki nilikuwa nanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa, mbili asubuhi, mbili jioni, kama mtu anayenunua sukari. Wala simlaumu sana muuza duka. Nilikuwa naomba kwa jina, na alikuwa ananipa nilichoomba.

Hospitali kubwa ya mjini walinipokea kwa mbio. Mirija miwili, mkono huu na huu, tena zile sindano nene. Wingi wa damu yangu ulikuwa gramu 5.1 kwa desilita. Wakaniwekea dawa ya matone inayoingia polepole kwa mashine, kazi yake kubana mishipa ya tumboni ili damu inayokwenda kwenye ini ipungue. Iliendelea usiku na mchana kwa siku tatu. Pia sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria. Hii ilinishangaza, kwani mimi sikuwa na kidonda wala homa. Baadaye nikaelezwa kwamba mgonjwa anayetokwa damu kwa namna hii hushambuliwa kirahisi na vijidudu vya utumbo, na wengi hufa kwa hayo baada ya damu kukatika.

Damu ndiyo ilizua ugomvi. Asubuhi ile walikuja vijana wanne wa genge kunitolea, bado wana vumbi la kokoto miguuni, na shemeji wa tano. Mama Kulwa akaona chupa mbili zimeingia, halafu basi. Akamfuata daktari wa zamu, binti wa umri wa Doto wetu.

"Mwanangu, damu ipo, vijana wameitoa. Mbona mnamnyima?"

"Hatumnyimi, mama. Tukimjaza, presha inapanda kwenye mishipa ile ile iliyopasuka, inapasuka upya. Tunamfikisha saba, nane, tunaishia hapo. Iliyobaki ataitengeneza mwenyewe taratibu."

"Kwa hiyo nusu nusu ndiyo dawa?"

"Leo, ndiyo."

Mama Kulwa alirudi kitandani akiwa amenuna, akaniambia huyu mtoto amesoma kweli au anabahatisha. Ilibidi niwe nusu mfu ili nisicheke.

Mchana wakanipeleka kwenye kipimo cha kamera. Nilikuwa nimekisikia kwa watu, na kila aliyekisimulia alikiongezea urefu wa mpira. Ukweli wake ni huu. Wanakupulizia dawa chungu kooni, unahisi ulimi umekuwa wa mtu mwingine. Unalala ubavu wa kushoto. Unang'ata kitu cha plastiki chenye tundu katikati, na mpira mweusi wenye unene wa kidole kidogo unapita hapo. Unaambiwa meza, unameza. Unabeua na kutokwa mate kama ng'ombe, unadhani utakosa pumzi, lakini pumzi ipo kwa sababu njia ya hewa ni nyingine. Nesi alinishika bega muda wote akisema, "Vuta kwa pua, baba, vuta kwa pua," na hilo bega naona lilinisaidia kuliko dawa ya koo.

Kioo cha mashine kilikuwa mbele yangu. Umio, hilo koo la chakula, nilitegemea kuliona laini kama bomba. Nikaona mishipa minne imetuna kwa urefu, ya rangi ya bluu, imejipinda kama mizizi ya mkuyu ukingoni mwa korongo, na juu ya mmoja kuna alama nyekundu. Daktari akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hapa." Kwenye ncha ya ile kamera wamevalisha kikombe kidogo chenye vimipira vimekaa tayari nje yake. Anausogelea mshipa, anaunyonya unaingia kwenye kikombe, anazungusha kitu nje, ka! Kimpira kinachomoka na kuubana shingoni. Unabaki kama zabibu kwenye kikonyo chake, unabadilika rangi. Nilihesabu sita.

Kinachofuata hakitishi kukitazama, ila kinahitaji subira. Kile kilichobanwa kinakufa, kinadondoka na mpira wake baada ya siku kadhaa, na mahali pake panabaki kidonda kinachopona kwa kovu. Kidonda hicho nacho kinaweza kutoa damu, kwa hiyo nilipewa dawa ya kupunguza asidi na amri ya kula vilaini vilivyopoa. Kifua kiliuma siku tatu kama nimemeza kipande cha muhogo mkavu. Uji wa uwele uliopoa, mlenda bila ugali. Mama mkwe alitoka Mpwapwa kuja kuniona, akakuta nakunywa uji wa baridi, akasikitika kuliko alivyosikitikia damu.

Siku ya pili daktari mkubwa alipita na wanafunzi. Akafunua shati langu, akabonyeza upande wa kushoto, akaacha kubonyeza, akainama kutazama. Chini ya mbavu zangu kuna chale, mistari midogo midogo, safu tatu, imefifia. Ninayo tangu utotoni, na nilishasahau kwamba ipo.

"Baba, wewe ni mtu wa ziwani?"

Nikamjibu ndiyo, Sengerema, lakini umejuaje, kabila langu halijaandikwa usoni.

"Limeandikwa tumboni," akasema. Akawaita wanafunzi wasogee. Akawaambia kwamba kule mtoto akivimba bandama alichanjwa hapa ili bandama ipungue. Waliomchanja hawakujua dawa, ila mahali walipajua sawasawa. Akaniuliza kama nilikuwa naoga ziwani. Nilicheka. Tulikuwa tunaoga, tunafua, tunachota, tunavua, tunasimama majini mpaka kiunoni kuvuta kokoro na wajomba. Ungeuliza ni saa ngapi sikuwa ziwani.

Ikawa kichocho. Mimi kichocho nilikijua cha kukojoa damu, kumbe kipo cha tumbo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi bila wewe kusikia chochote zaidi ya muwasho, vinakua kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, inataga. Mayai mengine yanatoka na choo. Mengine yanasombwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama, na mwili unayazungushia kovu. Miaka inapita. Minyoo inakufa yenyewe au inauawa na dawa, wewe umehamia nchi kame kama hii, unaishi na vumbi, na makovu bado yapo palepale yanakaza.

Hapo ndipo daktari alipoanza kunichorea mishipa kwenye karatasi, na mimi nikamwomba aache, nieleze kwa lugha yangu aniambie kama nimekosea. Mwisho wa 2009 kuingia Januari 2010 nilikuwepo wakati mafuriko yalipong'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Nimeona jinsi maji yanavyofanya. Kalavati likiziba kwa mchanga, maji hayasimami kungoja genge. Yanajaa upande wa juu, yanapanda, yanatafuta. Yanakuta njia ya ng'ombe, yanaingia humo. Njia ya ng'ombe haikujengewa kubeba mto. Inatanuka, kingo zinamong'onyoka, siku moja inakatika usiku na kubeba shamba la mtu. Nikamwuliza: ini langu ndiyo kalavati, hii mishipa ya kooni ndiyo njia ya ng'ombe?

Akasema ndiyo. Damu yote ya utumbo na bandama lazima ipite kwenye ini kupitia mshipa mmoja mkubwa. Mlango ukibana, presha inapanda nyuma, bandama inavimba, na damu inakimbilia vijia vya pembeni, vya umio na vya juu ya tumbo la chakula. Nikauliza tena: na vile vimipira, na hizi dawa, vinazibua kalavati?

"Hapana."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Wengi wangezunguka. Vimipira vinaziba njia ya ng'ombe. Vidonge vya propranololi vinapunguza maji yanayokuja kutoka juu. Kalavati lenyewe linabaki na mchanga wake, ndiyo sababu mishipa inaweza kuota tena na ndiyo sababu kazi hii haifanywi mara moja ukapewa mkono wa kwaheri. Nilipewa pia prazikwanteli, vidonge vinne na nusu kwa uzito wangu wa kilo 66, kumaliza mnyoo kama yupo aliyebaki. Ni vichungu ajabu ukivitafuna, usivitafune.

Akaniambia pia nina bahati moja. Kwa kichocho, ini lenyewe mara nyingi linaendelea kufanya kazi. Kilichobana ni mlango wake. Sikuelewa uzito wa neno hilo mpaka nilipomtazama jirani yangu wa kitandani. Kijana wa bodaboda, hajafika thelathini, alitapika damu kama mimi, akafungwa vimipira kama mimi. Lakini macho yake yalikuwa ya njano na tumbo limejaa maji, kwa sababu yeye alikuwa na homa ya ini ya virusi vya B tangu pengine alipozaliwa, na ini lote lilikuwa limeshageuka kovu. Damu yake ilikatika. Yeye akaanza kuchanganyikiwa, akawa anamwita nesi kwa jina la dada yake. Aliondoka duniani siku ya tano alfajiri. Kulwa na Doto walizaliwa 1999, kabla chanjo ya homa ya ini haijaanza kutolewa kwa watoto nchini, 2002. Wiki ileile mama yao aliwaburuta wakapime, wakakutwa salama, wakaanza chanjo: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ya kwanza.

Nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Kutapika damu, ini: basi, mzee alikuwa mlevi wa siri. Kanisani mtu mmoja aliniombea kwa sauti nifunguliwe kifungo cha pombe, nimesimama palepale. Nakiri kwenye harusi ujimbi nilionja, na mvinyo wa Dodoma si mgeni kwangu Krismasi. Pombe inaharibu ini kweli na inaleta mishipa hii hii, wala siitetei, na nimeiacha kabisa. Lakini ubaya wa dhana hiyo ni kwamba mtu asiyekunywa anajiona hayumo. Shemeji mmoja alinieleza kwa furaha kwamba yeye hawezi kupata, ameokoka.

Nilirudishwa kwenye kamera baada ya wiki tatu, vimipira vinne. Tena, vitatu. Februari 2022, kimoja, na daktari akasema mishipa imelala. Baada ya miezi mitatu wakachungulia tena, safi. Tangu hapo ni kila baada ya miezi kadhaa, na kila mara usiku wa kuamkia siku hiyo silali. Mara ya nne si rahisi kuliko ya kwanza. Wanaosema unazoea, labda wao.

Propranololi ndiyo mtihani wa kila siku. Nilifundishwa kuhesabu mapigo mkononi kwa dakika nzima. Wanataka yawe kati ya 55 na 60. Nakaa na saa yangu ya kazini, ile tunayolinganisha na ya stesheni, nahesabu, naandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya reli. Wiki za mwanzo nilikuwa mzito kama nimevaa koti la mvua. Kisha ikapita. Diklofenaki sigusi, wala aspirini, wala ibuprofeni. Mgongo unauma na ninaumwa nao, nameza panado kidogo ya kipimo nilichopewa.

Kosa moja nilifanya. Agosti 2022 nilikwenda Sengerema kwenye msiba wa mjomba, nikasahau dawa mezani. Siku mbili nikasema si neno. Siku ya tatu moyo ulikuwa unakimbia kama treni isiyo na breki, nikaingia hofu, nikaipata kwenye duka la dawa mjini kule. Niliporudi daktari alinifokea kama mtoto: ukiiacha ghafla presha inarudi kwa kishindo. Sasa karatasi moja ya vidonge inakaa kwenye koti, moja nyumbani.

Lakini safari ile sijutii. Nilivuka na kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, nguzo za daraja jipya zimesimama majini, na ufukweni watoto wanaruka na kuzama kama sisi enzi zile. Jioni nilimwonyesha shangazi tumbo langu. Alizipapasa chale kwa kidole, akakumbuka. Mwaka 1978, akasema, nilikuwa na miaka kumi, tumbo kama ngoma. Bibi alinilaza kwenye mkeka, wajomba wawili wakanishika miguu, wembe ukachovywa kwenye majivu. "Ulipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka," akasema. Halafu akafunua gauni lake kidogo, pembeni. Naye anazo. Safu tatu.

Nilimwomba alale. Sikujua kubonyeza kama daktari, ila kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto hata mtu wa reli anakijua. Kesho yake tulikwenda naye hospitali ya wilaya, yeye na wajukuu wanne tuliowatoa ziwani wakiwa bado wanachuruzika maji. Wajukuu walipewa vidonge. Shangazi aliandikiwa kipimo cha picha ya tumbo na barua ya kwenda Mwanza, akauliza kama barua hiyo inaweza kungoja mavuno. Binamu yangu akamjibu kabla sijafungua mdomo.

Hapa Ihumwa tumebadilisha kitu kimoja. Mama Kulwa alinunua tochi sokoni Majengo, akaitundika kwenye msumari nje ya mlango wa choo. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu isiyo ya kawaida, ndiyo dalili iliyonipita siku tatu. Kila asubuhi nikitoka yeye yupo jikoni, hageuki, anakoroga uji wake.

"Umemulika?"

"Nimemulika."

"Rangi?"

"Ya kawaida, Mama Kulwa."

"Haya, njoo unywe, umeshapoa."